Kutoka Likoni Nyingine Hadi Mlango wa Mama

Mmeniuliza wengi, na kila aliyeniuliza nimempa kipande. Asha alipata habari za kuku. Kalume alipata za treni. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakupata kitu, kwa sababu alianza kucheka kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Sasa nimekaa kitako niandike yote, ili asiyetaka kuamini akatae akiwa ameyasoma mpaka mwisho.

Mnachojua ni kwamba niliondoka kwetu Mishomoroni siku ya Ijumaa nikiwa na kuku, nikarudi Jumapili bila kuku. Yaliyo katikati ndiyo haya. Jina langu mnalijua. Humu sitaliandika mpaka lifike mahali pake, na mkifika hapo mtaelewa kwa nini.

Mishomoroni hadi feri

Mama mdogo Dama, anayekaa Likoni, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mama akachagua kuku jike, mweusi mwenye madoa meupe, akamtia kikapuni, akaniambia, "Mpelekee Dama apate supu. Na ukifika usalimie watu vizuri. Usinitie aibu na hicho kidevu chako."

Nyinyi mnaijua ile tabia yangu. Mtu akisema hujambo, mimi nainua kidevu juu kidogo, basi, imekwisha. Niliona inaokoa muda. Hata siku ile kwenye feri mzee mmoja mwenye baiskeli alinisalimu kwa ukamilifu wote, akaniuliza na hali ya kuku, nami nikampa kidevu.

Tulipokaribia ng'ambo, mvua ikaanza kunyesha na huku jua linawaka, ile ambayo nyanya husema fisi anazaa. Watu wakasukumana kutoka. Kikapu kikapinduka, kuku akaruka, akakimbia kati ya miguu ya watu, akapenya kwenye kilango cha chuma upande wa kushoto ambacho sikuwahi kukiona. Nikamfuata nimeinama. Nilipomshika mkia, nilikuwa nimekwisha pita.

Mvua haikuwepo. Ardhi ilikuwa kavu kabisa, vumbi tupu. Nikageuka kutazama kilango, nikaona maji. Hapakuwa na kilango, wala watu niliovuka nao, wala feri.

Likoni, ambako si Likoni

Mlima wa kupandia kutoka majini ulikuwa uleule, na soko lilikuwa mahali pake. Tuktuk nazo zilikuwepo, rangi zilezile, ila zilivutwa na punda. Lakini kilichonishtua ni sauti. Likoni yetu ina honi na injini. Hii ilikuwa na maneno. Kila mtu alikuwa anazungumza na kila mtu, na hakuna aliyempita mwenzake bila kumwuliza za nyumbani, za kazini, za mguu uliokuwa ukimuuma.

Mwanamume wa kwanza kukutana nami akasema, "Hujambo kijana, za utokako?" Nikainua kidevu. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake pembeni. Nikahisi mkono umenishika ukosi, nikaburutwa mpaka nyuma ya meza ya viazi karai.

"Wewe! Watu hujibu kwa mdomo! Wataka kutuletea balaa?"

Huyo ndiye Bi Rehema, muuza viazi, mama mnene mwenye leso ya kijani na mwiko mkononi. Nikamwambia sijambo, shikamoo, samahani, yote kwa pamoja. Akatulia. Akanitazama, akamtazama kuku, akasema, "Umevuka, wewe. Kaa ule kwanza."

Viazi vilikuwa na sukari. Chai ilikuwa na chumvi. Nikadhani amekosea vikopo, nikamwambia kwa upole, akawaita majirani watatu waje wamwone mtoto anayetia sukari kwenye chai. Nilipomaliza akanyoosha mkono. "Haya, lipa." Nikatoa pesa za mama. Akazigeuzageuza, akanirudishia. "Vipicha vizuri. Mimi nataka habari."

Kule watu hulipa kwa habari, ya kweli na ambayo mwenzako hajaisikia. Nikamsimulia siku ile mbuzi alipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu wetu akala karatasi za mtihani wa Hisabati za darasa zima, nasi sote tukapewa alama zilezile. Bi Rehema akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Hii ni kubwa mno kwa sahani moja ya viazi," akasema. "Chukua chenji." Akaniinamia sikioni akaninong'oneza kwamba fundi cherehani wa mbele ya msikiti amejishonea suruali fupi na anaivaa hivyohivyo ili watu wasijue alikosea vipimo. Hiyo ndiyo ilikuwa chenji yangu.

Bado nacheka, kuku akanyamaza. Alikuwa akilalamika tangu asubuhi, sasa hata pumzi yake sikuisikia. Mafuta kwenye karai yakaacha kutoa sauti, ingawa viazi viliendelea kuiva. Upande wa chini wa soko watu walikuwa wakifungua midomo na hakuna kinachotoka.

Walikuwa watatu. Walivaa nguo za rangi ya jivu, safi, na viatu visivyo na hata chembe ya vumbi. Nyuso zao ukizitazama unazisahau papo hapo. Walikuwa wanakuja moja kwa moja kwangu.

Bi Rehema akasimama mbele yao. "Wanangu, hamjambo? Za tangu juzi? Za huko mlikopita? Mmelala salama? Mama zenu je?" Wale watu wakasimama kama waliogonga ukuta. Alipokuwa akiuliza, nyuma ya mgongo alinipungia mkono nikimbilie uani. Majirani wakaja kumsaidia, huyu akiuliza za shamba, yule za watoto, na wale watatu wakabaki wamekwama pale pale katikati ya salamu.

Baadaye akanikuta uani akaniambia kwa ufupi. "Hao ni Wanyamavu. Nyumba wanayoiingia hubaki kimya. Mtu waliyemshika anabaki anakula, analala, lakini hasemi tena, na akiitwa haitiki. Salamu huwazuia kwa sababu inadai jibu nao hawana. Wewe umeacha mlango wazi. Haufungiki mpaka urudi, nao wakikupata watapita kwa mlango huohuo waende kwenu. Je, kwenu watu husalimiana?"

"Wapo wanaosalimiana," nikasema. "Wengine kwa kidevu."

"Basi mji wenu watau­maliza kwa wiki moja."

Nikamwuliza nitarudi vipi. Akasema mtu aliyevuka hurudi kwa mlango wa nyumba yao, popote nyumba hiyo iliposimama upande huu, na sharti mwenye nyumba amwite kwa jina lake. "Wala usilitaje wewe. Ukilitaja kwa mdomo wako litabaki huku, nawe utabaki nalo."

Likoni hadi Dongo Kundu, kwa mkokoteni

Akanikabidhi kwa Bakari. Bakari alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na kazi yake ilikuwa kupeleka salamu. Watu wa Likoni humpa salamu za jamaa zao wa Miritini, Changamwe na Kisauni, naye huzifikisha kwa mkokoteni wa punda, neno kwa neno, na sauti ya mwenyewe akiiga. Kwa kuwa sikuweza kumpa jina, akaniita Bwana Kuku.

Nilidhani tutakimbia. Mtu anayefukuzwa si hukimbia? Bakari alisimama kila nyumba. Mtongwe peke yake tulisimama mara kumi na moja. Kila mahali ni shikamoo, marahaba, karibuni, ahsante, kaeni, hatukai, kaeni kidogo, basi kidogo. Mimi nikitazama nyuma barabarani, jasho linanitoka.

"Bakari, watatufikia!"

"Wakitufikia tuko katikati ya salamu, wana nini cha kufanya? Mwenye haraka ndiye huwa peke yake, Bwana Kuku. Na wao humtaka aliye peke yake."

Ili tuharakishe kidogo akanipa salamu moja niifikishe mimi. "Nyumba ya mabati mapya, mwambie mwenye nyumba: ndugu yako anasema anakukumbuka, na uje mle pamoja." Mabati mapya yalikuwa kwenye nyumba mbili. Mimi nikaingia ya kushoto.

Mwenye nyumba, Mzee Mwinyi, alikuwa mkulima wa minazi na mihogo. Nilipomaliza kumwambia akaweka jembe chini. "Ndugu yangu kasema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akavaa kanzu, akatoka akavuka shamba akienda nyumba ya tatu, kwa huyo ndugu yake, huku mkewe akimfuata ameziba mdomo kwa leso. Bakari alipofika akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Umefanya nini? Hawa wawili hawajasemeshana miaka na miaka, tangu wagombanie mpaka wa shamba!"

Tukakimbia kwenda kuomba radhi. Tukawakuta wale ndugu wawili wamekumbatiana uwanjani wakilia kama watoto, na kila mmoja akiamini kuwa mwenzake ndiye aliyeanza. Bakari akafumba mdomo. Nami nikafumba. Wakachinja bata, wakatushikilia tule nao na tulale hapohapo, Dongo Kundu, na bata yule alipikwa kwa nazi na iliki hata nikasahau kwamba nafukuzwa. Mke wa Mzee Mwinyi aliniambia wakati akiniongezea mchuzi, "Wale wa jivu walikuwa wameanza kupita karibu na ua wetu. Nyumba iliyonuniana huinusa kutoka mbali. Leo, wallahi, sidhani kama watakaribia."

Miritini, tukingoja treni

Asubuhi tukafika Miritini. Stesheni ipo, kubwa, na mbele yake wako mama wauza mahamri, ambayo kule hutiwa pilipili. Nilikula mawili kabla ya ulimi kupata habari.

Bakari alisema kutoka hapo tutapanda treni ndogo mpaka Changamwe, punda na mkokoteni wakipakiwa behewa la nyuma, safari ya dakika chache. Nikafurahi. Treni ilikuwa pale, abiria wameketi, dereva yuko ndani. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita.

"Tunangoja nini?"

"Haiondoki mpaka abiria wote wafahamiane," Bakari akajibu.

Si mzaha. Kondakta alikuwa anapita behewa kwa behewa akiuliza, "Huyu ni nani? Ana watoto wangapi? Anakwenda kufanya nini?" na asiyejua habari za jirani yake anachelewesha treni nzima. Tungeondoka saa tano, lakini wakapanda bibi wawili waliogundua kuwa mjukuu wa huyu ameposa kwa yule, ikawa lazima treni nzima ielezwe ukoo wote kutoka mwanzo. Mwanamume mmoja aliyetoka bara, mwenye begi la mgongoni, akasema kwa hasira kwamba kwao treni huondoka kwa saa. Wakamwonea huruma sana. Bibi mmoja akampa ndizi.

Nilipofikiwa mimi, kondakta akauliza jina. Nikafungua mdomo. Wallahi lilikuwa linatoka, herufi ya kwanza nilikuwa nimeishaivuta. Bakari akanikanyaga mguu kwa kisigino. Nikapiga ukelele.

"Anaitwa Bwana Kuku," akasema Bakari, "naye ni mwana wa watu wa Mishomoroni, anarudi kwa mama yake."

Behewa zima likasema, "Aaah," na bibi wa ndizi akaja akanishika shavu. Tuliondoka saa nane.

Changamwe hadi Makupa

Changamwe ndiko mambo yalikoharibika. Bakari alikuwa na salamu nyingi za huko, wafanyakazi wa bandarini wana jamaa kila pembe, naye alizifikisha zote jioni ile na nyingine asubuhi ya Jumapili. Tulipoondoka kuelekea Makupa akafungua mdomo kunionyesha barabara, ikatoka hewa tu. Akajaribu tena. Sauti ilikuwa imekauka.

Alinitazama, akatabasamu, akajishika koo, akainua mabega. Lakini niliyaona macho yake.

Pale Makupa barabara imepakana na maji pande mbili, na Jumapili asubuhi haikuwa na watu. Tulikuwa katikati hasa kuku aliponyamaza. Wanyamavu watatu walikuwa wamesimama mbele yetu. Nikatazama nyuma, wawili wengine wanakuja.

Bakari akanisukuma bega. Maana yake niliijua. Mimi, mtu wa kidevu.

"Hamjambo," nikasema. Wakasimama. "Shikamooni. Za nyumbani? Za... za kazi? Mmeamkaje? Hali ya hewa huko? Baba zenu? Shangazi zenu?" Nilikuwa nazunguka kama feni, mbele salamu, nyuma salamu. Niliuliza za ng'ombe na za mbuzi. Niliuliza za meno. Kisha nikafikia mwisho, kichwa kikawa kitupu, na yule wa karibu akanyoosha mkono akanigusa bega.

Haukuuma. Lakini palepale nilikuwa na wazo la kile kitu cha kukorogea chai, nikaliona umbo lake, mpini wake, na jina lake halikuwepo. Kikafuata kile kilicho ukutani cha kuingiza hewa na mwanga. Kikafuata jina la siku iliyo kati ya Jumanne na Alhamisi. Maneno yalikuwa yananitoka moja moja, kama punje kwenye gunia lililotoboka, nami nilijua kabisa jina langu liko humo humo gunia­ni, na zamu yake inakuja.

Ndipo kuku akataga.

Alitaga kikapuni, mbele yetu na yao, na nyinyi mnajua kuku akitaga hawezi kuficha. Alipiga kelele ile ya kutangaza, ko-ko-ko-kooo, kwa kiburi ambacho sijakiona kwa kiumbe mwingine. Hakuwa anaogopa tena, alikuwa na habari ya kutoa. Mwanyamavu akarudisha mkono kama aliyeungua. Bakari alimkalia punda, akanivuta juu ya mkokoteni, tukapita katikati yao huku kuku akiendelea kuwaeleza.

Tulipofika kwenye watu, mjini, nilibaki nimekumbatia kikapu, sikushuka. Bakari akaomba kwa ishara yai lile, akalivunja akalimeza bichi kwa ajili ya koo lake, kisha akanipigia saluti. Tulicheka hivyo, mimi nikitoa machozi na yeye asiyetoa sauti.

Aliniacha ng'ambo ya daraja, Kisauni, kwa mama mmoja anayechemsha tangawizi. Hakuweza kwenda mbele bila sauti. Angekuwa mzigo, alinionyesha kwa mikono. Nikamwambia ahsante, na nikamtajia kila kitu ninachomtakia, yeye na punda wake, bila kuharakisha. Akaweka mkono kifuani.

Mishomoroni, mlangoni

Nyumba ilikuwa yetu. Mlango wa buluu, ufa uleule karibu na bawaba. Mama alikuwa nje anafua na anaimba. Ni mama yangu, kila kitu, hata ile namna ya kukunja kanga akiwa na kazi. Akainua macho akanitazama kama unavyomtazama mtoto wa watu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu mwanangu. Watokea wapi na kuku wako?"

Nilimpa kuku. Sikuwa na kingine cha kumpa. Akafurahi, akakataa, akakubali, akaniingiza ndani, akanipakulia wali wa nazi kwa sahani ya maua. Ile sahani ambayo kwetu hutolewa akija mchungaji, mimi hata kuiosha sikubaliwi! Nikaketi nala na mama ananitazama, nikiwa mgeni rasmi nyumbani kwetu.

Sasa jina. Nikajaribu ujanja. "Mama, mtu akifunga mizigo anaondoka kwenda mbali, huwa anakwenda nini?"

"Anahama."

"Hapana, yaani atarudi."

"Basi ameenda matangani."

"Akirudi amechoka, tunasema amechoka kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu hakula," akasema, akaniongezea wali.

Nilijaribu mara nne. Mara ya mwisho alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akauliza tu, kama watu wanavyouliza, "Umezaliwa wapi wewe, mwanangu?"

"Njiani," nikasema. "Karibu na Bombolulu. Mama alikuwa anapelekwa hospitali kwa mkokoteni, tukachelewa."

Mama akanyamaza.

Alikuwa ameshika upawa, akabaki ameushika. Nje, kuku alikuwa akichakura; akaacha. Watoto waliokuwa wakicheza njiani sikuwasikia tena. Nikageuza shingo, nikaona viatu viwili visivyo na vumbi kwenye kizingiti cha nyuma, na vingine nyuma yake.

"Wangu pia alizaliwa kwenye mkokoteni," mama akasema, kwa sauti ndogo iliyokuwa inazidi kufifia. "Palepale Bombolulu. Hakulia. Wakamchukua hata sijamwita. Jina nilikuwa nalo. Sijamwambia mtu mpaka leo, hata baba yake." Midomo yake ikaendelea kusogea, lakini maneno yaliacha kutoka. Kimya kile alikuwa nacho miaka kumi na minne, ndani ya nyimbo zote zile za kufulia, nao walikuwa wamekifuata kama nzi wanavyofuata donda.

Mwanyamavu wa kwanza akaingia ndani. Mkono wake ulikuwa unaelekea bega la mama, si langu.

Sikujua la kufanya. Nikafanya lile ambalo mama wa kwetu amenisukuma nilifanye maisha yangu yote. Nikaweka sahani chini, nikasimama, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikainama.

"Shikamoo, mama."

Hakujibu. Mkono wa jivu ukamgusa. Nikasema tena kwa nguvu, "Mama, shikamoo!"

Akanitazama. Akanitazama sawasawa, toka nywele mpaka kidevu, nikaona kitu kinampanda kutoka chini kabisa.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, Safari."

Mlango wa buluu ukafunguka wenyewe, na nje yake ilikuwa inanyesha mvua na jua linawaka. Mama akanisukuma kwa mikono yote miwili. Mimi nilitaka kubaki kidogo, hata dakika moja, lakini alikuwa ameishanigeuzia mgongo, amejishika kiuno, amewakabili wale wa jivu.

"Karibuni wageni! Hamjambo? Za huko mtokako? Kaeni! Mimi nina habari, leo mtaisikia yote! Nina mtoto, anaitwa Safari, mmemwona? Mama Kalume! Mama Asha! Njooni niwaambieni jina la mwanangu!"

Nikasikia majirani wakiitika abee, abee, kutoka kila upande. Hapo mlango ukajifunga.

Nyumbani

Nilianguka sebuleni kwetu miguuni pa watu kumi na wanne. Walikuwa wamekutana kupanga namna ya kunitafuta, na mama alikuwa amekaa chini, amejifunga kanga kiunoni. Kukawa na mayowe. Wote wakauliza kwa pamoja ulikuwa wapi.

Nikasema, "Shikamoo," kwa wa kwanza, nikamwuliza za mguu. Nikaenda kwa wa pili. Niliwamaliza wote kumi na wanne, mkono kwa mkono, kijiko, dirisha, Jumatano, maneno yote yakiwa yamerudi mahali pake. Mama akamwambia mama mdogo Dama, aliyekuja na kichanga mikononi, "Mtoto amepigwa kichwani. Leteni maji."

Watu walipoondoka nilimweleza, na yeye peke yake ndiye hakucheka popote. Hata pa mbuzi. Nilipofika pa Bombolulu alikaa kimya, nami nikaogopa, nikamshika mkono.

"Huyo mwenzangu," akauliza hatimaye, "ana watu?"

"Ana majirani wengi."

"Na kuku ulimwachia?"

"Nilimwachia."

"Vizuri. Dama tutampelekea mwingine."

Kisha akainuka, akafungua mlango wa buluu, akatoka nje, akaufunga. Nikadhani anataka kulia peke yake. Badala yake nikasikia anabisha, mlango wake mwenyewe, kwa adabu, kama mgeni.

"Hodi, dada. Hodi hapa. Ni mimi mama Safari. Mtoto amefika. Nimekuja kusema ahsante."

Jirani yetu akachungulia juu ya ua kuona ni kwa nani kunabishwa hodi. Mama hakumjali. Akabisha tena, akangoja.

Ndani nilikuwa peke yangu. Nikaenda mpaka mlangoni, nikaufungua wote, nikaitika kwa niaba ya yule mama mwingine.

"Karibu, mama. Ingia. Za huko?"